Mpeleke mwenzio Mombasa, mkale sinia moja

Msomaji mpenzi, hebu jiulize. Ni lini mara ya mwisho wewe na mwenzio wa ndoa mlipoketi kula mkiwa wawili peke yenu, pasipo mtoto kulilia maziwa, shemeji kukodolea macho televisheni, wala simu kuita kuhusu mchango wa arusi? Ikiwa jibu halikujii upesi, usione haya. Familia nyingi humu nchini ndivyo zinavyoishi. Likizo ikifika, mume na mke hufunga mizigo wakaelekea mashambani kupalilia mahindi, kuwajulia hali wazazi na kuhudhuria matanga. Hayo ni mambo mema, tena ni wajibu. Lakini mara nyingi mtu hurudi kazini akiwa amechoka kuliko alivyoondoka, na mwezi mzima umepita bila wawili hao kuzungumza jambo lolote ila karo, kodi ya nyumba na bei ya unga.

Wapo wanaodhani kwamba likizo ya wawili ni anasa ya watalii wa Ulaya au ya matajiri wenye magari makubwa. Makala haya yanakusudia kukuonyesha kwamba sivyo. Kwa siku tatu tu, na kwa pesa ambazo mfanyakazi wa kawaida anaweza kuzidunduliza, mji wa Mombasa utawalisha, utawanywesha na kuwaonyesha mengi. Siri yake ni moja. Mji huu hauwafaidi wanaoshinda wamelala kando ya kidimbwi cha hoteli. Huwafaidi wanaoutembea kwa miguu na kuuonja kwa ulimi.

Kufika kwenyewe

Kutoka Nairobi kuna ndege, mabasi na treni. Kwa watu wawili wanaotaka kuzungumza, treni ndiyo bora. Madaraka Express ilianza kubeba abiria mwaka 2017, na ile treni ya zamani ya usiku ikastaafu. Safari huchukua saa tano au sita hivi. Nauli ilipandishwa Januari 2024 ikawa Sh1,500 daraja la kawaida na Sh4,500 daraja la kwanza. Daraja la kawaida linatosha. Chukueni treni ya mchana ili muione Tsavo. Mkibahatika mtawaona ndovu waliojipaka vumbi jekundu hata ukadhani wamechongwa kwa udongo wa kule kule.

Kituo cha mwisho kiko Miritini, nje ya kisiwa, kwa hivyo mtapanda matatu kuingia mjini. Kumbuka kwamba Mombasa ni kisiwa. Upande wa magharibi mnaingia kupitia Makupa. Kaskazini kuna daraja la Nyali, na kusini kuna feri ya Likoni ambayo mwenda kwa miguu huvushwa bure. Miezi mizuri ni Juni hadi Septemba, wakati upepo wa kusi unapovuma na joto limepungua. Aprili na Mei ni masika, nayo mvua ya pwani haibishi hodi. Desemba nchi nzima huteremkia huko na bei za vyumba hupanda. Tafuteni nyumba ya wageni iliyo safi kisiwani, karibu na Mji wa Kale, ili usiku mrudi kulala kwa miguu.

Asubuhi ya mahamri

Kosa moja la wageni wa kutoka bara ni kuamka na kuitisha mkate, mayai na soseji. Hivyo unavyo kwako. Mombasa asubuhi ni mahamri na mbaazi. Mahamri mazuri yamefura, ndani yana uwazi na yananukia iliki. Mbaazi nazo huchemshwa hadi zikalainika, kisha zikaungwa kwa tui zito la nazi. Ulichane hamri, uchovye, ule. Shushia kwa chai ya maziwa au ya tangawizi. Ukitoka hapo hutataka kusikia habari ya chakula hadi adhuhuri, na mfuko wako hautakuwa umelia.

Mkishashiba, elekeeni Fort Jesus kabla jua halijawa kali. Kiingilio cha mwananchi ni cha chini kuliko cha mgeni, kwa hivyo chukueni vitambulisho. Ngome hii ilijengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593 hadi 1596 kwa mchoro wa Mtaliano, Giovanni Battista Cairati. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe, na ukiitazama kutoka juu ina umbo la mtu aliyelala chali huku ameelekeza kichwa baharini. Mwaka 2011 shirika la UNESCO liliiweka katika orodha ya urithi wa dunia.

Msipite haraka haraka mkipiga picha. Simameni juu ya ukuta unaotazama bahari na mfikirie yaliyotukia humo. Mnamo Machi 1696 Waarabu wa Oman waliizingira ngome hii, na haikuanguka hadi Desemba 1698. Ni karibu miaka mitatu. Waliokuwa ndani walimalizwa na njaa na maradhi kuliko risasi. Meli ya Kireno, Santo António de Tanná, ilizama papo hapo mbele ya ngome mwaka 1697, na vitu vilivyoopolewa humo na wapiga mbizi miaka ya 1970 vimewekwa katika jumba la makumbusho lililo ndani. Waingereza nao waliigeuza kuwa gereza tangu 1895 hadi 1958. Leo ni mahali ambapo mume na mke huegemea mzinga wa zamani wakala upepo. Ama kweli, dunia ni mzunguko.

Ndia Kuu na kahawa chungu

Ukitoka ngomeni umeshaingia Mji wa Kale. Fuateni barabara iitwayo Ndia Kuu. Usidhani ni makosa ya mchoraji wa kibao. Kwa lahaja ya Kimvita, njia ni ndia. Vichochoro vyake ni vyembamba hata mikokoteni ya hamali hulazimika kusubiriana, na juu yenu kuna roshani za mbao zinazokaribia kugusana. Tazameni milango iliyonakishiwa, tazameni msikiti wa Mandhry wenye mnara wa kale mnene. Msikiti huo unasemekana kujengwa mwaka 1570, yaani kabla ya ngome yenyewe.

Hapa pana adabu zake. Dada yangu, jifunike mabega na magoti. Kaka, usipige picha ya mtu, hasa wanawake wa buibui, pasipo ruhusa. Msitembee mkikumbatiana kana kwamba mko ufuoni. Ukikutana na mzee, mwamkie. Shikamoo moja ya heshima hufungua milango ambayo noti ya Sh1,000 haiwezi kuifungua. Mwezi wa Ramadhani msile barabarani mchana. Subirini magharibi, kwani hapo ndipo mtaona vitafunio ambavyo miezi mingine havionekani kwa wingi huo.

Jioni mtamsikia muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake kabla hamjamwona. Kahawa yake iko katika dele la shaba lililowekwa juu ya makaa. Huimimina katika vikombe vidogo visivyo na mikono. Ni chungu, ina tangawizi, na haitiwi sukari. Utamu wake hutoka pembeni, kwa kashata, tende au kipande cha haluwa. Waume huketi barazani wakiinywa hadi usiku, huku wakizungumza siasa, kandanda na bei ya samaki.

Mimi na mume wangu tuliketi katika baraza moja ya namna hiyo, karibu na bandari ya zamani. Mzee mmoja alitusogezea nafasi. "Ketini, wanangu," akasema, kisha akatusimulia habari za majahazi. Upepo wa kaskazi ulipovuma, kuanzia mwisho wa mwaka, majahazi yalifika kutoka Arabuni na Ghuba yakileta tende, mazulia na samaki wa chumvi. Kusi ilipoanza yakarudi yakiwa yamebeba boriti za mikoko. Vijana wa mji walienda nayo, na wake zao walihesabu miezi. "Chombo kina msimu wake wa kurudi," mzee akasema huku akikung'uta kikombe. "Mtu ndiye asiye na msimu."

Mume wangu alinyamaza. Nami nilijua sababu. Kabatini kwetu Nairobi kulikuwa na barua ya kazi ya udereva huko Qatar, mkataba wa miaka miwili. Alijua nimeiona, nami nilijua kwamba anajua. Lakini nyumba yetu ni ya vyumba viwili, tunaishi na watoto watatu na mdogo wake, na kwa muda wa miezi minne tuliikwepa barua ile kama mtu anavyomkwepa anayemdai. Kwenye baraza ile, mbele ya maji ambayo yamewachukua waume wengi, aliniuliza kwa mara ya kwanza, "Wewe wasemaje?"

Nitakueleza tulikofika. Lakini kwanza tule.

Sinia ya adhuhuri

Chakula cha mchana Mombasa ni wali, na wali una ukoo mkubwa. Kuna wali wa nazi, kuna pilau ya bizari na mdalasini, na kuna biryani. Biryani ya Kiswahili haichanganywi jikoni. Wali hupikwa kando, ukapakwa rangi ya zafarani, na mchuzi mzito wa nyama au kuku ukapikwa kando na vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa hudhurungi. Ndipo huletwa pamoja kwenye sinia. Ijumaa mikahawa mingi ya mjini huipika, nanyi mfike mapema.

Mwambieni mhudumu awape sinia moja. Naweni mikono, mle kwa vidole vya mkono wa kulia. Mtu hushika upande wake wa sinia, lakini pande la nyama lililo katikati ni la kusukumiana. Utashangaa jinsi tendo hilo dogo linavyorudisha mambo ambayo yalikuwa yamesahaulika. Mke aliyezoea kumpakulia mume na watoto, kisha akala ukoko akiwa amesimama jikoni, hapa anasukumiwa nyama.

Siku ya pili ombeni samaki wa kupaka. Samaki mzima huchomwa juu ya makaa, huku akipakwa tui zito lililokolezwa kwa kitunguu saumu, pilipili na ukwaju, akageuzwa na kupakwa tena hadi tui likagandamana naye. Kinywaji chake ni sharubati ya ukwaju au maji ya miwa yaliyokamuliwa papo hapo pamoja na ndimu na tangawizi. Mkahawa wa Mji wa Kale hautakuuzia bia, wala usiiulizie. Anayetaka bia baridi ataipata katika mabaa ya mjini na hoteli za Nyali na Bamburi.

Baada ya chakula nendeni soko la Marikiti mnunue iliki, mdalasini na bizari za kupelekea jikoni kwenu, kisha mwingie barabara ya Biashara Street, iliyo makao ya leso na vikoi. Humo limo duka la ukoo wa Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa mwaka 1887, ambalo leso zake hujulikana Afrika Mashariki yote kwa jina la Mali ya Abdulla. Leso huuzwa doti, yaani vipande viwili vikiwa vimeshikana, na kila leso ina jina lake lililoandikwa chini. Bwana, mwachie bibi achague jina. Jina la leso ni ujumbe, na huenda akakuambia kwa kitambaa jambo ambalo kwa mdomo limemshinda. Wangu nilimchagulia ile isemayo, Wawili wakipendana adui hana nafasi. Aliisoma mara mbili, akalipa.

Mkitoka hapo piteni Moi Avenue mpige picha chini ya zile pembe nne kubwa. Si pembe za ndovu bali ni za alumini. Ziliwekwa miaka ya 1950 kwa heshima ya wageni wa kifalme kutoka Uingereza, na zikikutana juu ya barabara hufanya herufi M. Picha isiyo na pembe hizo majirani watasema hamkufika.

Mihogo ya Mama Ngina

Saa kumi na moja jioni mji mzima, maskini na tajiri, huelekea Mama Ngina, ukingoni mwa bahari. Mahali hapa palitengenezwa upya mwaka 2019, lakini mibuyu mikubwa ya tangu jadi ingali imesimama. Wauzaji hukaanga mihogo katika karai, wakaipasua, wakaipaka pilipili ya unga na kuikamulia ndimu. Kuna viazi karai pia, ambavyo ni viazi vya kuchemsha vilivyovikwa unga wa manjano na kukaangwa, na huliwa kwa chatini ya ukwaju. Kuna mishkaki, kuna kachri za muhogo, kuna mabuyu mekundu yanayopaka ulimi rangi kama wa mtoto. Na kuna madafu. Mwambie muuzaji akukatie lenye nyama laini, unywe maji yake, kisha akupasulie uikombe nyama kwa kijiko cha kifuu.

Ketini juu ya ukuta. Meli za kwenda bandari ya Kilindini hupita karibu sana hata unaweza kumpungia mkono baharia. Meli moja hivi, imejaa makasha, ilipita mbele yetu tukila mihogo. Mume wangu akachukua kipande cha gazeti kilichofungiwa chakula, akaomba kalamu kwangu, akaanza kuandika. Mshahara wa Qatar upande mmoja. Ada ya wakala, karo, na kodi upande wa pili. Chini nikaandika mimi: miaka miwili, watoto watatu. Tulibishana. Sauti zilipanda, kisha tukacheka kwa sababu jozi ya vijana waliokuwa kando yetu waliondoka taratibu wakidhani tunaachana.

Hatukumaliza usiku ule. Tulikubaliana mambo mawili: kwamba mkataba hautiwi sahihi mpaka tuusome sote wawili neno kwa neno, na kwamba hakuna safari kabla kifungua mimba wetu hajamaliza shule ya msingi. Hadi ninapoandika makala haya barua ingali kabatini. Pengine ataenda. Lakini sasa ni barua yetu, si barua yake.

Msomaji, sikuelezi haya ili uone ndoa yetu ni ya ajabu. Nakueleza kwa sababu nina hakika nawe una barua yako. Huenda ni mkopo, maradhi, shamba la urithi au mtoto asiyesikia. Jambo hilo halizungumziki nyumbani kwa kuwa nyumbani kila mtu ana zamu na kila ukuta una masikio. Linahitaji mahali ambapo hakuna anayewajua, na mkono umeshika kitu cha kutafuna.

Siku ya mwisho

Ya tatu nendeni Haller Park, Bamburi. Palikuwa machimbo ya mawe ya kutengenezea saruji, uwanja mkavu usioota hata nyasi. Mwaka 1971 mtaalamu René Haller alianza kupanda mivinje, kisha akaleta jongoo wale majani yaliyoanguka na kuyageuza udongo. Leo ni msitu wenye twiga, viboko na kobe wakubwa. Hapa ndipo aliletwa Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa karibu na Malindi baada ya mawimbi ya tsunami ya Desemba 2004. Aliyemfuata na kulala ubavuni mwake alikuwa kobe mzee wa kiume aitwaye Mzee. Kama jongoo waliweza kurudisha uhai juu ya mwamba, basi hata nyumba iliyokauka mazungumzo haijafa.

Jioni, kabla ya kufunga mizigo, pandeni feri ya Likoni mwende na kurudi. Hamtalipa chochote. Simameni ukingoni katikati ya wafanyakazi wanaorudi makwao, wenye samaki na wenye baiskeli, muitazame Mombasa ikianza kuwasha taa.

Kuhusu gharama, hii ndiyo kanuni yetu: gawanyeni bajeti mafungu matatu, la nauli, la kulala na la kula, na pesa za kula zisiguswe kwa kununulia jamaa zawadi. Zawadi ya watoto ni mabuyu na achari ya embe, inatosha. Waacheni kwa nyanya yao au kwa dada mnayemwamini. Siku tatu hazitawaua.

Watakuwapo watakaowauliza mlienda kufanya nini pwani nyinyi wawili, na mahindi hayajapaliliwa. Wajibuni kwa upole kwamba mahindi yatapaliliwa Jumamosi, nanyi mtakuwapo wote wawili.